Kwa nini vayolini za kompyuta yangu zinalia kama kinanda?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika mkoani Iringa. Kwa miaka mingi niliandika nyimbo kwa Finale, programu ya kuandika nota, na mwaka huu nimehamia MuseScore 4. Nimetunga wimbo wa Pasaka wa sauti nne nikauwekea okestra: vayolini ya kwanza na ya pili, viola, selo, kontrabesi, tarumbeta mbili na timpani (ngoma kubwa za okestra). Kompyuta ikiupiga, vayolini zinalia kama kinanda cha shule, timpani zinagonga kama mtu aliyefungiwa mlango, na sehemu ya taratibu haina tofauti na sehemu ya shangwe. Kijana mmoja ameniambia ninunue maktaba ya sauti za okestra, lakini bei aliyonionyesha inazidi bei ya kompyuta yenyewe, yenye RAM ya GB 8. Je, ninunue? Na je, naweza kuipiga okestra hiyo kwenye spika, kwaya ikaimba juu yake? Faili nimeliambatisha.

Jibu: Marahaba, mwalimu, na hongera kwa wimbo. Nianze na fedha ili roho itulie: usinunue kitu kwa sasa. Nimelifungua faili lako, nimelisikiliza mara tatu huku nikifuata nota kwa kidole, na kasoro ulizozitaja karibu zote zimo kwenye maandishi, hazimo kwenye sauti. Ukiweka maktaba ya ghali chini ya maandishi haya haya, utapata vayolini nzuri zinazopiga vibaya.

Programu ya nota haijui ulichokusudia. Mwanakwaya wako akiona maneno "Amefufuka, aleluya" hahitaji kuambiwa afurahi. Kompyuta inasoma alama tu, na alama ambayo haijaandikwa kwa namna inayoitambua, kwake haipo. Hapo ndipo shida yako kubwa ilipojificha, nayo imetokana na kule kuhama.

Twende baa ya 41 (baa ni kipande cha midundo kati ya mistari miwili ya wima), shangwe inapoanza. Umeweka herufi f, yaani sauti kubwa, chini ya kila chombo. Bonyeza mojawapo ya hizo f, kisha tazama paneli ya sifa upande wa kushoto. Utaona programu inaiita maandishi. Haiiti alama ya nguvu ya sauti. Maana yake, kwa kompyuta ile f ni kama jina lako lililoandikwa juu ya ukurasa: wino mtupu. Lilivyotokea ni hivi: ulilitoa faili kwenye Finale kwa muundo wa MusicXML, ule wa kuhamishia nota kati ya programu, ukalifungua kwenye MuseScore, na alama ulizokuwa umezichapa kama maneno ya kawaida zikavuka zikiwa maneno. Walimu wengi wa kwaya wanapitia haya sasa, kwa sababu mnamo Agosti 26, 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba Finale haitaendelezwa tena baada ya miaka 35, na sote tuliokuwa na makabati ya nyimbo mle tukaanza kuhamisha.

Dawa yake inachosha ila ni rahisi. Futa kila f, p (sauti ndogo) na mf (nguvu ya wastani) iliyo maandishi, chagua nota, kisha chukua alama halisi kwenye paleti ya nguvu ya sauti. Fanya vivyo hivyo kwa ile alama inayofunguka kama mdomo wa ndege, ya kukuza sauti, na ile inayofumba. Maneno "rit." (punguza mwendo) na "pizz." (pizikato, yaani donoa nyuzi kwa kidole) nayo yatoke kwenye paleti, ukiyachapa mwenyewe kwa mkono, vayolini itaendelea kutumia upinde na mwendo hautapungua hata chembe. Nilifanya hivyo kwenye nakala yangu ya wimbo wako, kwa vayolini mbili tu, kuanzia baa ya 33 hadi ya 48. Sikugusa sauti yenyewe. Shangwe ikaja.

Sasa kule kulia kama kinanda. Sikiliza baa ya 17 hadi ya 24 peke yake, vayolini ya kwanza. Umeandika nota za robo mfululizo bila slaa hata moja, ule mstari uliopinda unaounganisha nota. Kwa mpiga vayolini, nota isiyo chini ya slaa ni amri ya kugeuza upinde: huku, kule, huku, kule. Kompyuta inaitii amri hiyo kwa uaminifu wote, kwa hiyo kila nota inaanzishwa upya, kama mtu anayesoma Zaburi akikata si-la-bi-kwa-si-la-bi. Mpiga kinanda akipiga bila kuunganisha vidole husikika hivyo hivyo, ndiyo maana sikio lako likasema "kinanda". Lilisema kweli.

Chukua tungo lako la baa ya 17, kwa tonika solfa: s l s m, kisha f m r kwenye baa ya 18. Weka slaa moja juu ya zile nne za kwanza, na nyingine juu ya zile tatu. Usinyooshe slaa moja kutoka baa ya 17 hadi ya 24, kosa wanalolifanya wengi wakishajua siri hii. Upinde wa vayolini una urefu wake na huisha. Katika mwendo wako wa taratibu, kwa sauti ndogo, upinde mmoja unabeba midundo minne vizuri, hata sita. Kwa sauti kubwa unaisha upesi zaidi, kwa hiyo slaa ziwe fupi. Imba mstari wenyewe na usikilize unapopumua. Mahali unapopumua wewe, mara nyingi ndipo upinde nao unapogeuka. Halafu kwenye shangwe fanya kinyume: acha nota bila slaa, na zile za thumni kwenye baa ya 45 ziwekee nukta ya stakato, ya kuzikata ziwe fupi. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili itasikika hata usipogusa nguvu ya sauti.

Kabla ya kwenda mbele, fungua orodha ya vyombo utazame jina. Umechagua "Violin", yaani mpiga vayolini mmoja. Kuna chombo kingine kwenye orodha hiyo hiyo, "Violins", kikiwa na maelezo kwamba ni kundi. Okestra kubwa ya simfoni huwa na vayolini za kwanza kama 16, za pili 14, viola 12, selo 10 na kontrabesi 8. Sauti ya kundi ina upana na ulaini wake kwa sababu watu 16 hawapigi nota moja kwa usawa wa wembe. Tofauti zao ndogo ndizo zinazotengeneza ile hariri. Sauti ya mmoja ni nyembamba na kila kasoro inaonekana. Badilisha vyombo vyote vitano vya nyuzi viwe kundi. Ni kazi ya dakika mbili, wala nota zako hazipotei.

Baada ya hayo ndipo tuzungumzie sauti zenyewe, maana hapo nako kuna la kufanya, na ni la bure. Programu yako sasa hivi inapiga kwa sauti za msingi zilizokuja nayo. Sauti hizo zimepangwa kwa desturi ya General MIDI ya mwaka 1991, iliyoweka orodha ya sauti 128 ili kila kinanda na kila kompyuta ielewane: ya 41 vayolini, ya 48 timpani, ya 57 tarumbeta. Ilikuwa kazi kubwa kwa wakati wake, na ndiyo orodha iliyomo kwenye vinanda vingi tunavyovipiga kanisani hadi leo. Ila ilikusudiwa vyombo vyenye kumbukumbu ndogo, na vayolini ndani yake mara nyingi ni rekodi chache zilizonyooshwa juu na chini kufikia nota zote.

MuseScore 4, iliyotoka Desemba 2022, ina sauti nyingine ziitwazo Muse Sounds. Hizi ni rekodi za wapigaji halisi, unazipakua bure kupitia programu ndogo iitwayo Muse Hub. Zimegawanywa kwa makundi, kwa hiyo usipakue zote. Pakua nyuzi, shaba na ngoma, uache piano, kwaya na mengineyo hadi utakapoyahitaji. Kila kundi lina uzito, mengine gigabaiti kadhaa, basi nunua bando la usiku au nenda mahali penye Wi-Fi ya kuaminika. Ukishapakua, unafanya kazi bila intaneti. Kisha fungua mikisa, ubao wa kurekebisha sauti ya kila chombo (bonyeza F10), na kwenye kila chombo badilisha sauti kutoka ya msingi kwenda ya Muse.

Ninazipenda kwa sababu moja zaidi ya uzuri wa rekodi. Mtambo wa kawaida wa MIDI unapokea nota ilipofika, bila kujua kinachofuata. Muse Sounds huangalia mbele kwenye karatasi: inaona kwamba nota hii iko chini ya slaa na inakwenda kwenye ile, kwa hiyo inachagua rekodi ya kuunganisha. Ndiyo maana nilikutaka uandike slaa kwanza. Mtambo unaosoma karatasi unahitaji karatasi yenye kusomeka.

Kuhusu hizo rekodi niseme kidogo, kwa sababu ukielewa zilivyotengenezwa utajua kwa nini timpani zako zinagonga mlango. Miaka ya 1960 kule Birmingham, Uingereza, kulitengenezwa kinanda kilichoitwa Mellotron. Chini ya kila kibonye palikuwa na utepe wa sumaku uliorekodiwa nota moja ya chombo halisi, na ulipobonyeza, utepe ulivutwa ukacheza kwa sekunde kama nane, basi, ukaisha. Maktaba za leo ni wazo lile lile lililokuzwa mno. Mpiga vayolini anakaa studio, anapiga nota moja kwa sauti ndogo, kisha kwa ya kati, kisha kwa kubwa. Anarudia kwa upinde mrefu, kwa upinde mfupi, kwa kidole. Halafu anapanda nota inayofuata na kuanza upya. Dakika moja ya rekodi ya ubora wa studio ina ukubwa wa MB 16 hivi. Zidisha kwa vyombo vyote, ndipo utaelewa kwa nini maktaba kama BBC Symphony Orchestra ya Spitfire Audio, iliyorekodiwa katika studio za Maida Vale, London, inafika GB 600 hivi katika toleo lake kamili, huku toleo dogo la bure, Discover, likiwa na MB 200 tu.

Sasa fikiria nota ile ile ikipigwa mara 16 mfululizo kwa rekodi ile ile. Hakuna binadamu anayepiga mara 16 sawasawa. Sikio linagundua mara moja, na wenye kazi hii wanausema mlio huo kuwa ni wa bunduki ya rashasha. Maktaba nzuri hurekodi pigo moja mara kadhaa ili zibadilishane. Ila kwenye baa ya 40 wewe umeandika mfululizo wa nota ndogondogo kumi na sita za timpani ukitaka ngurumo inayopanda kuingia kwenye shangwe. Futa hizo kumi na sita. Andika nota moja nzima, uiwekee alama ya tremolo ya mistari mitatu, ya kupiga mfululizo wa haraka, na chini yake weka p na ule mdomo wa ndege unaofunguka hadi f ya baa ya 41. Programu itachukua rekodi ya mpigaji halisi akinguruma kwa vijiti viwili, na utashtuka.

Na kuna jambo la pili la timpani, ambalo kompyuta haitakuambia kamwe. Umezipa sauti ya besi ya kwaya nzima, nota kwa nota. Timpani si chombo cha kuimba. Mpigaji anakuwa na ngoma mbili, tatu au nne, kila moja imewekwa kwenye nota yake, na kuibadilisha katikati ya wimbo kunahitaji nafasi. Kwa wimbo wako wa F, mpe F na C, yaani d na s, umnyamazishe kwingine kote. Utaona nyuzi zinapata hewa ghafla, kwa sababu ule mzigo mzito uliokuwa umezikalia chini umeondoka.

Tarumbeta. Zinafunika kila kitu, nami nimeona ulivyojaribu kutibu: umeshusha kitelezi chake kwenye mikisa hadi karibu na chini kabisa. Kirudishe pale kilipokuwa. Tarumbeta inayopigwa kwa nguvu ina mng'ao mkali. Ikipigwa kwa upole inakuwa ya mviringo, karibu na sauti ya binadamu. Hizo ni rekodi mbili tofauti. Ukiandika f kisha ukashusha kitelezi, unapata mng'ao mkali uliosikika kutoka mbali, kana kwamba mpigaji amesimama nje ya kanisa. Ukiandika p, unapata mpigaji aliye ndani anayepiga kwa adabu. Kwa hiyo mizani ya okestra uitengeneze kwa alama kwenye karatasi, na mikisa iwe ya kurekebisha tofauti ndogo mwishoni. Katika wimbo wako ningewapa tarumbeta mf pale nyuzi zilipo na f, na ingetosha.

Hapa nina neno kutoka moyoni. Sharika nyingi za kwetu zina kikundi cha matarumbeta, urithi wa zamani tangu misheni za Kijerumani. Kama kwenu kipo, kwa nini tarumbeta ziwe za kompyuta? Ziandikie watu. Lakini basi itabidi uandike kama mtu anayewafahamu. Tarumbeta yako ya kwanza inashikilia sauti za juu kuanzia baa ya 41 hadi ya 72 bila pumziko. Kompyuta haina midomo, itapiga hivyo hadi umeme ukatike. Mpigaji wa usharika atafika baa ya 50 midomo imekwisha, na nota ya juu aliyokuwa anaiweza saa moja iliyopita haitatoka tena. Mpe baa nne, mpumzishe baa mbili; mwachie kilele cha "aleluya" ya mwisho akiwa na nguvu zake. Na uchague "Trumpet" ya B bapa kwenye orodha ili programu yenyewe imwandikie nota zake toni moja juu. Usihamishe kwa mkono.

Nitarajie swali utakaloniuliza ukishaweka sauti mpya: "Mbona vayolini ya pili inanyamaza kwenye baa ya 31?" Pale imefuata alto hadi d ya chini, yaani F iliyo chini ya C ya katikati. Vayolini haifiki huko. Uzi wake wa chini kabisa ni G, na hakuna kidole kinachoweza kuushusha zaidi. Sauti za zamani zilikubali kuipiga nota hiyo kwa sababu zilikuwa zinanyoosha rekodi tu. Sauti zilizorekodiwa kwa uaminifu mara nyingi hukaa kimya. Kwa hiyo kimya hicho usikichukie. Mpe viola nota hiyo, yeye anashuka hadi C. MuseScore yenyewe hukuonya: nota inayomshinda mpigaji wa kawaida hugeuka rangi ya njano iliyokolea, inayomshinda hata bingwa hugeuka nyekundu. Katika faili lako nimehesabu nyekundu saba.

Kontrabesi nayo inasikika oktava moja chini ya inavyoandikwa. Umeiandikia sawa na selo, na hilo ni sahihi na la heri, linajenga msingi mpana. Ila usiihukumu kwa spika ya simu. Uzi wake wa chini una mawimbi 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kuyatoa. Ukisikiliza kwa simu ukadhani haipo, ukaipandisha, siku ya kuipiga kwenye spika kubwa madirisha yatatetemeka. Pata hedifoni za kuziba masikio, hata za bei ya kawaida, na fanya maamuzi yote ya sauti kwa hizo.

Kuhusu kununua, sasa unaweza kunielewa. Kuna watu wanaohitaji maktaba kubwa: watungaji wa muziki wa filamu, ambao rekodi ya kompyuta ndiyo kazi ya mwisho inayosikika. Kwako wewe, kazi ya mwisho ni watu wanaoimba. Kama baadaye utataka ladha nyingine ya nyuzi, pakua ile BBC Discover ya bure. Inaingia MuseScore kama plagini ya VST3, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya nyingine, na haitailemea RAM yako ya GB 8. Ujue tu usumbufu wake. Ndani ya plagini hizo, upinde mrefu, upinde mfupi na pizikato hubadilishwa kwa vibonye vya chini kabisa vya kinanda, na kwa kawaida stakato uliyoiandika kwenye karatasi haibonyezi vibonye hivyo kwa niaba yako. Mimi huongeza mstari wa pili wa vayolini, nikaupa sauti ya pizikato, nikahamishia huko baa zinazohusika, kisha nikauficha usichapishwe. Inafaa, lakini ni kazi ya ziada ambayo Muse Sounds hazikudai. Wanaotumia programu nyingine za nota, Sibelius au Dorico, wana NotePerformer ya takriban dola 130, mtambo mwepesi kwa kompyuta na hodari sana wa kusoma karatasi: huchelewesha sauti kwa sekunde moja ili uone mbele. Haifanyi kazi kwenye MuseScore, kwa hiyo isikusumbue.

Wasomaji wa pwani huniuliza kama sauti hizi zinafaa kwa taarab. Kwa kupanga sehemu na kusikia miingiliano, ndiyo. Kwa ladha, hapana. Fidla ya taarab inateleza kati ya nota, inapita kwenye robo toni za makamu (ngazi za muziki wa Kiarabu), inapamba mahali ambapo karatasi haisemi pambo. Rekodi za okestra ya Ulaya zimekatwa nusu toni kwa nusu toni, na mpigaji aliyerekodiwa hakuwa na Unguja kichwani. Hapo tafuta mpiga fidla mmoja wa kweli, umrekodi juu ya kundi la kompyuta. Mmoja tu anatosha kuibadilisha picha yote.

Mwalimu, kuhusu sauti za wanakwaya kwenye karatasi yako: umeziacha ziimbe "aaa" za kompyuta. Sauti hizo haziimbi Kiswahili, na kwa kujifunzia ni mbaya, kwa sababu mwanzo wa nota haueleweki na sauti nne zinayeyukiana. Kwa faili za mazoezi unazotuma kwenye kundi la WhatsApp, badilisha: soprano ipe obo, alto klarineti, tenori selo ya mtu mmoja, besi fagoti. Kila mwanakwaya atamtambua "mtu wake" hata kwenye spika mbovu ya simu. Tengeneza MP3 nne, kila moja sauti moja ikiwa juu na nyingine tatu zikiwa chini kiasi. Hapa vitelezi vya mikisa ndipo mahali pake hasa. Hakikisha tu tenori umeiandika kwa ufunguo wa G wenye 8 ndogo chini, maana kwenye faili lako haina hiyo 8 na kompyuta inaipiga oktava moja juu, kichwani mwa soprano. Kama mazoezi ya tenori yamekuwa yakienda ovyo, huenda ndiyo sababu.

Sasa kuipiga okestra kwenye spika kwaya ikiimba. Inawezekana, na nimeona ikifanyika vizuri, kama mchungaji na wazee wanaridhia utaratibu huo ibadani. Tatizo lake ni kwamba okestra hiyo haikuoni. Soprano wakichelewa kupumua kabla ya "Amefufuka", mpiga kinanda angewasubiri, rekodi haitasubiri. Kwa hiyo pumzi yote lazima uiandike. Mwisho wa kila ubeti weka alama ya pumziko la sauti au punguza mwendo kwa nambari, kwa mfano kutoka midundo 76 kwa dakika hadi 66 kwa baa moja, kisha rudisha. Imba mwenyewe juu ya rekodi ukiwa umesimama, si umekaa, mara tano sita, na kila mahali unapojikuta unakimbizwa, rudi ukafungue nafasi. Ile fermata (alama ya kushikilia nota) ya baa ya 88 ihesabu kwa saa: kwaya yako inaishikilia sekunde ngapi kwa kawaida? Urefu huo ndio uuandike.

Faili la mwisho litoe kwa WAV, muundo usiopunguza ubora wa sauti. MP3 ibaki ya WhatsApp. Kwenye mikisa punguza mwangwi, karibu uuondoe wote, kwa kuwa kanisa lenyewe lina mwangwi wake, na miwili ikipandana maneno hayasikiki. Kama spika mbili zimesimama pande mbili za jengo, usitandaze vyombo kushoto na kulia sana. Aliyekaa upande wa akina mama asisikie vayolini tu na wa upande wa pili selo tu. Spika moja ndogo, au hata redio, igeuzwe iwaelekee wanakwaya wenyewe, la sivyo wataifuata sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma na watachelewa daima.

Na mwanzo. Wimbo wako unaanza kwaya na okestra pamoja, kwenye mdundo wa kwanza wa baa ya kwanza, kwa hiyo hakuna atakayejua saa ya kuingia. Ongeza baa mbili mbele: timpani peke yake, d kwenye mdundo wa kwanza na s kwenye wa tatu, kwa p, mara mbili. Msikilizaji ataona ni utangulizi. Wewe umesimama mbele yao mikono juu, unahesabu, na kwenye mdundo wa nne wa baa ya pili unavuta pumzi waione.